Mwenye, Kuwa Na, Kumiliki: Dhana ya Milki na Kazi ya Mfasiri

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomsumbua mfasiri kuliko adhaniavyo, limo neno dogo la herufi tatu tu, nalo ni "own". Mwanafunzi hujifunza mapema kwamba maana yake ni "kumiliki", na tangu siku hiyo huchukua jawabu hilo mpaka ofisini. Akikutana nalo katika barua ya benki huandika "kumiliki". Akikutana nalo katika sheria ya ardhi, katika shauri la ndoa, katika taarifa ya kisima cha kijiji, au katika hadithi ya mtoto anayefunga viatu vyake bila kusaidiwa, huandika vivyo hivyo. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba dhana inayobebwa na neno hilo moja imegawanywa katika Kiswahili kwa maneno kadhaa, na kwamba mfasiri asiyechagua vema aweza kumpa mtu haki asiyokuwa nayo, au kumnyang'anya ile aliyo nayo.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakati huu. Mwaka 2021 Sheria ya Tafsiri za Sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na lugha ya mahakama ikafuata mkondo huo. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi hazina budi kufasiriwa, na nyingi kati yake zinahusu nyumba, mashamba, mifugo na urithi. Mifano yetu mingi tumeichukua Dodoma na uwanda wa kati, kwa kuwa ni vigumu kupata mahali pengine ambapo maneno haya yamejaribiwa sana kama huko.

1. Kuwa na

Msemaji wa Kiswahili husema "nina nyumba", "nina homa", "nina mgeni", "nina safari". Ni dhahiri kwamba hakuna anayemiliki homa wala mgeni. Umbo lenyewe lajieleza: ni kuwa, pamoja na kitu. Laonyesha ukaribu wa mtu na kitu au hali, wala halisemi neno juu ya haki yake katika kitu hicho. Mtumishi wa Serikali aliyehamishiwa Dodoma na kupewa nyumba ya Serikali huko Area D husema "nina nyumba Dodoma", na jirani aliyejenga nyumba kwa fedha zake husema maneno hayo hayo. Wote wawili wamesema kweli, ila mmoja akistaafu atarudisha ufunguo, na mwingine hatarudisha.

Upana huu hauna madhara katika mazungumzo, lakini katika fomu na dodoso ni chanzo cha makosa. Chukua mfano wa mifugo. Katika jamii za wafugaji za uwanda wa kati, Wagogo wakiwamo, ni desturi ya tangu zamani mtu kuwagawa ng'ombe wake na kuwakabidhi baadhi yao kwa ndugu au rafiki wa kijiji kingine ili awatunze. Mtunzaji hupata maziwa. Ng'ombe na ndama hubaki kuwa wa mwenyewe. Desturi hiyo ina hekima yake: ukame au maradhi yakiingia upande mmoja, hayamalizi kundi zima, na udugu huimarika.

Sasa karani anafika na dodoso lililofasiriwa, na anauliza, "Una ng'ombe wangapi?" Mzee mwenye zizi la ng'ombe ishirini, ambao wanane ni wa shemeji yake, ajibu nini? Akisema ishirini, amesema kweli, maana anao. Akisema kumi na wawili, amesema kweli pia, maana ndio walio wake. Na shemeji yake akiulizwa swali hilo huko kwake, huenda akawataja wale wanane, nao wakawa wamehesabiwa mara mbili. Kosa si la mzee wala la karani, bali ni la mfasiri. Ilimpasa kuuliza maswali mawili: "Ng'ombe wangapi wanalala katika zizi lako?" na "Ng'ombe walio wako mwenyewe ni wangapi, walio hapa na walio kwa watu wengine?"

2. Mwenye na mwenyewe

Kiungo "-enye" kina nguvu kuliko "kuwa na", lakini nacho hakimaanishi milki daima. Mwenye duka ana duka, na mwenye nyumba ndiye apokeaye kodi. Hata hivyo mwenye njaa, mwenye busara na mwenye kiti hawana hati ya mambo hayo. Mwenyekiti hukalia kiti kwa muda aliochaguliwa, na muda ukiisha humpisha mwenzake. Kadhalika "mwenyeji" ni mtu wa mahali, anayempokea mgeni. Uwenyeji wake watokana na kuishi na kujulikana, hautokani na kununua. Yafaa pia kukumbuka kwamba Kiswahili kilipotafuta neno la raia wa nchi huru, lililoenea ni "mwananchi", yaani mwana wa nchi. Mwana hurithi na hutunza. "Mwenye nchi" ni neno jingine, lenye madai mengine.

"Mwenyewe" hutumika kwa namna mbili ambazo Kiingereza huzisema kwa neno lile lile tunalolijadili. Ya kwanza ni kutia mkazo: "nyumba yake mwenyewe", "kwa macho yangu mwenyewe". Hapa mfasiri hana haja kabisa ya kitenzi "kumiliki". Kuandika "alijenga nyumba anayoimiliki" mahali ambapo mwandishi alitaka kusema "alijenga nyumba yake mwenyewe" ni kubadili habari. Ya pili ni jina la mtu mwenye mali asiyetajwa: "shamba hili lina mwenyewe", "mwenyewe hayupo". Neno hili la watu wote ni fupi, ni wazi, na katika matangazo ya umma hufaa kuliko "mmiliki".

Udugu nao una maneno yake. Mtoto wa mtu "mwenyewe", kwa maana ya asiye wa kulea, ni "mtoto wa kumzaa"; ndugu wa kweli kwa damu ni "ndugu wa tumbo moja". Lugha iliyokwisha kuwa na maneno kama haya haihitaji kutengenezewa mengine.

3. Kumiliki

Kitenzi "miliki" kimetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupatia pia "milki" na "mamlaka". Undugu huo wa maneno si wa bahati. Katika Kiswahili cha zamani kumiliki kulikuwa zaidi ni kutawala: mfalme alimiliki nchi, na milki yake ilikuwa himaya yake. Wafasiri wa Biblia walikitumia kitenzi hiki kwa maana ya kutawala, na msomaji wa leo asiyejua historia hiyo huweza kupotea anaposoma kwamba watu fulani watamiliki juu ya nchi.

Katika karne ya ishirini maana ya pili, yaani kuwa na haki ya mali, ilikua mpaka ikaifunika ile ya kwanza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisaidia sana kuieneza, kwa kuwa wananchi wengi walilisikia neno hilo kwenye redio na katika mikutano likihusishwa na njia kuu za uchumi. Lililo muhimu kwetu ni kwamba Azimio halikuridhika na neno moja. Lilizungumza juu ya kumiliki na juu ya kutawala pamoja, kwa kuwa yawezekana mali ikaandikwa kwa jina la umma huku uamuzi ukibaki mikononi mwa wachache. Huo ni ushahidi kwamba "kumiliki" kulikuwa kumekwisha kuachana na "kutawala", na kila moja kulihitaji kutajwa.

4. Milki ya ardhi na mfano wa Dodoma

Hapa ndipo neno "kumiliki" hupimwa kwa mizani ya dhahabu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyotungwa na utawala wa Kiingereza, iliifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, na mtu akapata haki ya kuikalia na kuitumia tu. Marekebisho ya mwaka 1928 yalitambua kwamba wenyeji waliokalia ardhi kwa mila nao wana haki hiyo. Mashamba machache yaliyokuwa yamemilikiwa moja kwa moja tangu wakati wa Wajerumani yalibadilishwa mwaka 1963 yakawa ya kupanga kutoka Serikalini, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zimeendeleza msingi huo: ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi.

Kwa hiyo, kwa kipimo cha sheria, hakuna mtu anayemiliki ardhi ya Tanzania kama amilikivyo baiskeli. Ana haki ya kuikalia na kuitumia kwa masharti, na kama ni haki iliyotolewa na Serikali, kwa muda usiozidi miaka 99. Lakini hati anayopewa twaiita "hati miliki", na yeye twamwita "mmiliki". Je, tumekosea? Hapana budi kujibu kwa uangalifu. Mwaka 1984 haki ya kumiliki mali iliingizwa katika Katiba, ibara ya 24. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila nayo ni mali inayolindwa na ibara hiyo, na mtu hawezi kunyang'anywa pasipo fidia ya haki. Maana yake ni kwamba kinachomilikiwa ni haki yenyewe, wala si udongo. Mfasiri akiandika "anamiliki haki ya kutumia ardhi" yuko salama. Akiandika "anamiliki ardhi" ametumia lugha ya mazoea, inayokubalika mtaani na gazetini, lakini si katika kifungu cha sheria.

Wakazi wa Dodoma wanaijua tofauti hii bila kufundishwa darasani. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa kusimamia ujenzi wa mji. Ardhi ya mji ikawa chini ya mamlaka hiyo, na mwananchi aliyegawiwa kiwanja alipata upangaji wa miaka 33. Hivyo mtu aliyefyatua matofali, akajenga, akapangisha vyumba na kuitwa "mwenye nyumba" na wapangaji wake, alikuwa yeye mwenyewe mpangaji mbele ya mwenye ardhi. Nyumba ilikuwa yake na kiwanja alikuwa amekipanga. Mfasiri aliyeita hati yake "hati miliki" alimpa faraja isiyokuwamo katika karatasi. Naye aliyemwita "mpangaji" tu alisahau nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Zaidi ya hayo, walikuwamo wakazi wa asili ambao mashamba yao yaliangukia ndani ya eneo la mpango. Hao walikuwa wenyeji, na walikuwa na ardhi kwa mila, lakini hawakuwa na hati. Migogoro mingi ya viwanja na fidia ilizuka katika nafasi iliyo kati ya maneno hayo.

Mamlaka hiyo ilivunjwa tarehe 15 Mei 2017, kazi zake zikahamishiwa kwa Halmashauri ya Manispaa, ambayo mwaka 2018 ikawa Jiji. Ikaagizwa pia kwamba hati za miaka 33 zibadilishwe ziwe za miaka 99. Aliyekuwa mpangaji akawa mwenye haki aliyoipata moja kwa moja kutoka Serikalini. Badiliko hilo halikuongeza hata tofali moja katika nyumba yake. Lililobadilika ni neno, na neno hilo ndilo linalosomwa na benki, na mnunuzi, na warithi.

5. Hakimiliki mbili

Twaja sasa kwenye mgongano unaostahili kutazamwa na wanaistilahi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, mwanakijiji wa Mvumi au Hombolo hupewa hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo kwa hadhi ni sawa na haki iliyotolewa na Serikali, na yaweza kuwa bila ukomo wa muda. Mwaka ule ule wa 1999 ilitungwa Sheria Na. 7 ya Hakimiliki na Hakishiriki, inayolinda kazi za watunzi, waandishi na wanamuziki. Hivyo mwanamuziki wa Kigogo mwenye shamba la mtama ana hakimiliki mbili: ya wimbo wake na ya shamba lake. Ya kwanza ina ukomo wa miaka, kisha kazi yake huwa ya watu wote. Ya pili yaweza kurithiwa kizazi hadi kizazi.

Wako watakaosema kwamba muktadha hutofautisha. Ni kweli, mara nyingi. Lakini katika hati ya mirathi inayotaja "hakimiliki zote za marehemu" muktadha hausaidii. Yafaa kufuata njia iliyofuatwa kwa haki ya mvumbuzi, ambayo imepata jina lake la peke yake, "hataza", wala haichanganywi na kitu kingine. Kwa ajili ya ardhi, mfasiri asiliache neno "hakimiliki" likae peke yake: aandike "hakimiliki ya ardhi" au "hakimiliki ya kimila". Kwa kazi ya sanaa aandike "hakimiliki ya kazi" na kuitaja kazi yenyewe.

6. Mali ya kuchuma na mali ya pamoja

Kiswahili hupenda kuitaja mali kwa njia iliyopatikana nayo. Kuna mali ya kurithi, mali ya kupewa, na mali ya kuchuma. Neno "kuchuma" limekuwa na manufaa makubwa katika mashauri ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba mali iliyoandikwa kwa jina la mmoja wa wanandoa hudhaniwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vingine. Lakini pia yairuhusu mahakama, ndoa ikivunjika, kugawanya mali iliyopatikana kwa juhudi ya wote wawili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo.

Fikiri mama wa Bahi au Kongwa aliyeulizwa barazani, "Je, unamiliki nyumba hii?" Akitazama jina lililo kwenye hati, atajibu "La", na huenda jambo likaishia hapo. Akiulizwa, "Je, nyumba hii mliichuma pamoja?" ataeleza alivyochota maji ya kufyatulia matofali, alivyowapikia mafundi, alivyouza karanga ili bati zipatikane. Maswali hayo mawili yangeweza kuwa tafsiri za sentensi moja ya Kiingereza.

Kadhalika istilahi "umiliki wa pamoja" hubebeshwa mambo mawili ambayo Sheria ya Ardhi inayatenga. Katika la kwanza, wenye haki ni kama mtu mmoja, na mmoja akifariki haki yote humbakia aliye hai. Katika la pili, kila mmoja ana fungu lake, na fungu hilo hurithiwa na jamaa zake. Mjane na wakwe zake wanaweza kugombana miaka mingi kwa sababu hati haikusema ni lipi. Tunapendekeza la kwanza liitwe "umiliki wa pamoja usiogawanyika" na la pili "umiliki wa pamoja kwa mafungu".

7. Pasipo na mali

Mwisho, kuna mahali ambapo neno la Kiingereza halihusu mali kabisa. Mtu akifanya jambo bila msaada, amelifanya "mwenyewe" au "peke yake". Akikubali kosa lake, "amekiri" au "ameungama". Katika taarifa za maendeleo tunasoma mara kwa mara kwamba wananchi "wamiliki mradi" au "wamiliki mchakato". Mtungaji wa Kiingereza huwa ametaka kusema kwamba wauone kuwa ni wao, washiriki kuuamua na kuutunza. Lakini mwanakijiji asikiapo kwamba anamiliki kisima, ana haki ya kuuliza: je, twaweza kukiuza? Pampu ikivunjika, nani hulipa? Na kama sote ni wamiliki, kwa nini ufunguo uko ofisini? Penye maana ya kushiriki tuandike "washiriki kuuamua na kuusimamia". Penye maana ya kuutunza tuandike "wautunze kama wao". Mahali ambapo kweli mali imekabidhiwa kwa chombo cha jamii, tuseme "imekabidhiwa", na tukitaje chombo kilichokabidhiwa.

8. Mapendekezo

Kabla ya kulifasiri neno hili, mfasiri na ajiulize maswali manne: Nani anacho kitu mkononi? Nani ana haki ya kukitumia? Nani aweza kukiuza au kukitoa? Na akifa, kinamwendea nani? Ikiwa jawabu la swali la kwanza pekee ndilo linalojulikana, "kuwa na" chatosha. Ikiwa ni la pili, "haki ya kutumia" au "haki ya kukalia". Ikiwa majawabu yote manne yanamwangukia mtu mmoja, hapo "kumiliki" kumefika mahali pake. Ikiwa yanagawanyika, kama yalivyogawanyika katika zizi la ng'ombe wa kutunza na katika viwanja vya Dodoma, mfasiri na agawanye maneno vilevile.

Walimu nao wasaidie kwa kutolifundisha neno hili kwa tafsiri moja, bali kwa sentensi: nyumba ya kupanga, ng'ombe wa kutunza, shamba la kurithi, mali ya kuchuma pamoja. Na watumishi wa umma wanaotunga fomu wakumbuke kwamba atakayejibu hana sheria mbele yake, ila swali waliloandika. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nalo daftari huandikwa kwa maneno; neno likipotea, mali iliyoandikwa kwalo haiko mbali kupotea.